Hata siku ya pili

"Amina." Akafungua macho, akatutazama mmoja mmoja. "Aksanti, mama. Ile maombi ni muzuri. Sasa nani atanipeleka ku choo?"

Tulikuwa watu kumi na wanne tumekizunguka kitanda kimoja. Ilikuwa Jumapili, saa tisa alasiri, wodi ya wanawake katika hospitali moja ya serikali hapa Kampala. Tulikuwa tumeshamkabidhi mche wa sabuni, kilo ya sukari na mkate. Mama mchungaji alikuwa ameomba, kisha nami nikapokea. Niliomba kwa muda mrefu na kwa sauti, nikakitaja kila kiungo cha mwili wake, na nilipomaliza jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni.

Naye akauliza habari ya choo.

Hakuna aliyejibu. Mmoja wetu alicheka kidogo, si kwa ubaya, kwa kukosa la kufanya. Mimi nilitazama saa. Takisi tuliyoikodi ilikuwa nje ya geti na dereva alikuwa ameshapiga simu mara mbili. Nikainama, nikamshika mkono, nikamwambia, "Sista anakuja sasa hivi, koko."

Sikuwa nimemwona sista yeyote.

Tukahamia kitanda cha pili. Nilipofika mlangoni niligeuka, sijui kwa nini. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameketi sakafuni kwenye mkeka, mtandio kichwani, akimuuguza mgonjwa wake mwenyewe, alikuwa ameshasimama. Aliweka kikombe chake chini, akapitisha mkono nyuma ya mgongo wa yule bibi, akamwinua taratibu kama mtu anayeinua mtungi uliojaa.

Hilo ndilo lililonikaa kooni wiki zote hizi.

Picha

Jioni ile picha zilitumwa kwenye kundi letu la WhatsApp. Zilikuwa nzuri. Katika mojawapo nimesimama upande wa kichwani, macho nimeyafumba, mkono wangu uko juu ya paji la uso wa koko. (Koko ni bibi, kwa Kiswahili cha ndugu zetu wa Kivu, na ibada yetu ya Kiswahili imejaa ndugu wa Kivu. Hata sisi wa upande huu tumeshalizoea neno hilo.) Watu waliweka mioyo na mikono iliyokunjwa. Mtu aliandika, "Mungu awabariki kwa kazi ya huruma."

Jumatano usiku, watoto wamelala, niliifungua tena ile picha nikaikuza kwa vidole. Sikutafuta kitu. Nilitaka tu kuuona uso wake vizuri.

Mkono wake wa kushoto, ule ambao haukushikwa na mtu, ulikuwa umekamata chuma cha kitanda. Umekikamata hasa, vifundo vimesimama. Midomo ameibana. Katika picha inayofuata mkono uko palepale, na katika ile ya kwanza kabisa, tuliyopigwa wakati tunaimba, uko palepale.

Alikuwa anajizuia tangu tulipoingia. Alivumilia nyimbo mbili, utambulisho, ombi la mama mchungaji na langu. Mwanamke mzee, mgeni katika nchi ya watu, alingoja tumalize kumhurumia ndipo aombe msaada.

Niliizima simu. Sikulala vizuri.

Kuugua, kuuguza, kuuguliwa

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili sekondari, na kuna vitenzi vitatu ambavyo wanafunzi wangu huvichanganya kila mwaka. Kuugua ni kuwa mgonjwa wewe mwenyewe. Kuuguza ni kumtunza anayeugua. Kuuguliwa, hapo ndipo wanapokwama, ni kupatwa na ugonjwa wa mtu wako. "Nimeuguliwa na mama." Homa iko mwilini mwa mama, lakini lugha inasema kuna jambo limekupata wewe. Ndiyo maana mtu aliyeuguliwa hupewa pole kama mgonjwa, na mwajiri mwenye utu humpa ruhusa.

Kwa hospitali zetu jambo hili si la sarufi tu. Kila aliyewahi kulaza mtu anajua: mgonjwa huja na mtu wake. Waganda huwaita abajjanjabi, na Wakongo wana neno lao walilolitoa kwenye Kifaransa, gadimaladi. Ni yule anayelala chini ya kitanda. Ndiye anayechota maji, anayefua shuka, anayepeleka damu maabara na kurudi na karatasi, anayekimbia duka la dawa ng'ambo ya barabara dirisha la ndani likisema dawa imekwisha, anayemwita nesi saa nane za usiku. Nesi mmoja ana vitanda vingi kuliko mikono. Asiye na mtu wake hupata dawa za zamu, naam, lakini uji haumfikii na shuka haligeuzwi.

Koko hakuwa na mtu wake. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Alitokea Nakivale, kambi kongwe kule Isingiro ambako wakimbizi wamepokelewa tangu miaka ya mwisho ya 1950, kabla nchi hii haijapata uhuru. Mjukuu wake ndiye aliyemleta Kampala na barua ya rufaa. Alikaa naye siku sita, kisha ikambidi arudi kambini, kwa kuwa aliacha wadogo zake watatu peke yao na siku ya mgao ilikuwa inakaribia. Alisema atarudi kesho kutwa. Nauli ikakosekana.

"Nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama." Mstari huo wa Mathayo mnaujua, nami niliuhubiri katika kundi la akina mama si zamani. Ule usiku wa picha uliniuma kwa namna mpya. Tulikuwa tumemtazama kwelikweli. Tulimtazama kwa macho, na tena kwa simu.

Lakini kuna yeyote kati yetu kumi na wanne aliyeuguliwa?

Kurudi

Nilikaa siku tisa kabla sijarudi. Ningependa kusema nilirudi siku iliyofuata. Nilikuwa na sababu: mitihani ya kusahihisha, mvua, foleni ya Barabara ya Entebbe. Sababu zote zilikuwa za kweli, na kila moja niliifurahia ilipotokea.

Siku ya kumi, Jumanne jioni, nilishuka bodaboda langoni nikiwa na flaski ya uji na moyo unadunda. Nilimwogopa bibi wa watu ambaye hawezi kusimama mwenyewe. Niliogopa atanikumbuka.

Hakunikumbuka. Aliyenikumbuka ni yule mwanamke wa mtandio.

"Wewe ni wa wale wa maombi," akasema. Hakulisema kwa lawama, alikuwa ananitambua tu. Ni Mnubi wa Bombo, amekuja kumuuguza dada yake, na wodi nzima humwita Hajati. Tangu Jumapili ile, na siku kadhaa kabla yake, alikuwa anauguza wagonjwa wawili: dada yake na koko. Alikuwa anamgawia chai. Alikuwa anamfulia. Hawakuwa na ukoo, wala dini moja, wala nchi moja. Walikuwa na Kiswahili, kila mmoja kwa lahaja yake, na vitanda vilivyopakana.

Nikamuuliza kwa nini alifanya hivyo.

Alinitazama kama nimeuliza kwa nini mvua inanyesha. "Alikuwa anaita," akasema.

Kisha akanipa glavu.

Kazi yenyewe

Nimekuwa Mkristo maisha yangu yote na sikujua namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani. Hajati alinifundisha. Humvuti mtu mikono, maana bega la mzee linachomoka. Unamkunja goti la mbali, unashika nyonga na bega, unamviringisha aje kwako ili asione anasukumwa kwenye shimo. Kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo ngozi ya mgongo inaoza kwa kulalia upande mmoja. Maji ya kuosha yawe ya vuguvugu, uyajaribu kwa kiwiko. Unaanza na uso. Sehemu za siri unafunika kwa kanga huku unaosha kwa chini, na unamsimulia jambo lolote, habari za sokoni, ili asijisikie ni kitu kinachooshwa.

Harufu niiseme pia, kwa sababu wanaoandika habari za huduma huiruka. Koko alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi, iliyofika mbali. Siku ya kwanza nilitoka nje mara mbili kwa kisingizio cha simu. Nilisimama kwenye ukuta nikavuta pumzi, nikalia. Nililia kwa hasira ya nafsi yangu, kwa sababu niliwahi kuinua mikono kanisani nikaimba kwamba nitakwenda popote atakaponituma, na sasa harufu ya mwanamke mmoja ilinishinda.

Baadaye nesi wa hospisi, wale wanaowatuliza maumivu wagonjwa wasiotarajiwa kupona, alituonyesha vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa kuwa unga, vinavyoua vijidudu vinavyoleta harufu ile. Dawa ya bei ndogo kabisa. Ndani ya siku chache wodi ilipumua na koko akaacha kujifunika uso watu wakipita. Nilikuwa nimeomba mambo makubwa juu yake. Sikujua kuna jambo dogo namna hii la kufanya.

Hapa niweke neno pembeni kuhusu lugha. Kitanda cha tatu alilala bibi mmoja Mganda aliyekuwa akinigeuzia uso kila nikifungua kinywa. Siku moja alinieleza kwa Luganda: ujanani mwake, Kiswahili kikisikika mlangoni usiku, watu walijificha chini ya vitanda. Kilikuwa lugha ya askari, tangu jeshi la Mwingereza, na Amin ndiye aliyekitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini masikio ya bibi yule hayakubadilishwa na Katiba. Akaniambia hakujua kwamba kuna namna ya kusema "pole" kwa lugha ile. Alikuwa amemsikia Hajati akimwambia koko, "Pole mama, egemea hapa, usiogope," usiku baada ya usiku, na siku hizi haamki tena moyo ukimwenda mbio.

Nimefundisha lugha hii zaidi ya miaka kumi. Sijawahi kuisikia ikisifiwa hivyo.

Chupa ya kijani

Maumivu ya koko yalikuwa na saa zake. Mchana aliyabeba. Giza likiingia yalimbeba yeye.

Hospisi ile ya Makindye wengi mnaipita kila siku. Aliianzisha Daktari Anne Merriman mwaka 1993, akiwa na fedha za kuwatosha watu watatu kwa miezi mitatu tu, katika nyumba ndogo waliyoazimwa na Hospitali ya Nsambya. Na Nsambya yenyewe ilianza mwaka 1903, wakati Mama Kevin, mtawa wa Ireland, alipoanza kutibu watu chini ya mwembe. Ukifuatilia huduma nyingi za afya nchini hapa unafika kwa mtu aliyeanza kabla hajawa na kitu.

Walichofanya hospisi ni cha kawaida mno mpaka ukihitaji. Unga wa mofini, dawa ya maumivu makali, unachanganywa na maji, unatiwa rangi ili asiyejua kusoma asikosee nguvu yake, unawekwa kwenye chupa ya plastiki. Ya kijani ndiyo nyepesi. Mgonjwa hainunui, serikali huitoa bure. Na mwaka 2004 Uganda ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuwaruhusu manesi waliosomea kazi hiyo kuwaandikia wagonjwa mofini, kwa sababu vijijini madaktari hawatoshi.

Nesi aliponielekeza kipimo, aliniambia jambo ambalo nimelirudia moyoni mara nyingi. Mofini ya maji hutolewa kila baada ya saa nne. Lakini kipimo cha kulala huwa mara mbili, ili ile ya saa nane za usiku irukwe na mgonjwa apate usingizi.

Kuna mtu alikaa akaufikiria usiku wa mgonjwa. Akauhesabu kwa saa.

Mistari miwili

Jumapili moja mchungaji alihubiri Luka 10, Msamaria. Alilenga zile dinari mbili. Zilikuwa wiki za mchango wa idara ya huruma, na mahubiri yalikuwa mazuri, sina la kuyapunguza. Lakini mimi nilikwama nyuma kidogo. Mstari wa 34 unaisha na "akamtunza". Wa 35 unaanza, "Hata siku ya pili akatoa dinari mbili."

Hata siku ya pili.

Nimeusoma mstari huo tangu shule ya Jumapili kule Bwera na sikuwahi kuona kwamba kati ya mistari hiyo miwili kuna usiku mzima. Msamaria alilala pale. Mtu aliyepigwa akaachwa nusu mfu halali kimya, hulia, huomba maji, hutaka kugeuzwa, huchafua matandiko. Luka haandiki neno hata moja la usiku ule. Asubuhi ndipo fedha zinatajwa, na mwenye nyumba anaombwa aendelee na kazi ambayo mwingine alikwisha kuianza kwa mikono yake.

Sisi tulikuwa tumeanzia mstari wa 35.

Nilipotoka kanisani nilimkumbuka Daktari Matthew Lukwiya. Mwaka 2000, Ebola ilipoingia Gulu, kaskazini mwa nchi, nilikuwa msichana wa sekondari, na nakumbuka jinsi hata sisi wa magharibi tulivyoacha kupeana mikono. Yeye alikuwa Makerere akiongeza masomo. Walimwita arudi hospitali yake ya Lacor kwa sababu manesi walikuwa wanakufa na hakuna aliyejua wanakufa kwa nini. Alirudi, akasoma mafaili, akaitambua, akaandaa wodi ya kuwatenga wagonjwa. Watu 425 waliugua kabla haijaisha, na 224 walikufa. Wahudumu walipokata tamaa na kutaka kuondoka, aliwaambia anayetaka aende, yeye atabaki. Usiku mmoja wa Novemba muuguzi mmoja aliyekuwa mahututi akawa anatokwa damu nyingi na kuhangaika, na wakamwamsha Lukwiya. Alivaa kinga zote isipokuwa ya macho. Inaaminika ndipo alipoambukizwa. Alifariki tarehe 5 Desemba, ana miaka 43.

Sitaki kujifananisha naye. Ushujaa wake siwezi hata kuufikiria, mimi niliyeshindwa na harufu. Kinachonikaa ni kitu kidogo kuliko ushujaa: alikuwa mahali ambapo angeweza kuamshwa. Lacor nzima ilikuwa hivyo. Miaka ya vita, jua likizama, maelfu ya watoto na mama zao walitoka vijijini kwa miguu waje kulala ndani ya uzio wa hospitali wasitekwe na waasi, na geti lilifunguliwa. Hawakupewa kitu kikubwa. Walipewa mahali pa kuwa usiku.

Imani yangu mimi ilikuwa ya mchana. Ilikuwa na saa ya kwenda na takisi ya kurudi.

"Ni nani?"

Alhamisi ya wiki ile nililala wodini mara ya kwanza. Hajati alikuwa amechoka, dada yake amezidiwa, nikamwambia leo koko ni wangu. Nilitandika mkeka. Sakafu ina baridi inayopanda kwenye mifupa. Koko aliita mara nne. Mara moja alitaka maji, mara mbili kugeuzwa. Mara ya nne hakutaka kitu. Alisema, "Ninajua tu kama uko."

Alfajiri nikaona sitawahi kipindi cha kwanza. Nikamwandikia mwalimu mwenzangu wa Kiswahili anishikie darasa. Vidole viliandika vyenyewe: "Nimeuguliwa."

Akajibu papo hapo: "Pole sana dada. Ni nani?"

Nilikaa na simu mkononi. Angeuliza hivyo mtu yeyote. Ni mama, ni mtoto, ni shemeji? Hapakuwa na neno la ukoo ambalo ningelitumia bila kusema uongo. Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena.

"Koko," nikamjibu.

Hakuuliza zaidi. Nadhani aliona ni jina la utani la bibi yangu.

Mashaka

Nyumbani hayakuwa mepesi. Mume wangu ni mtu mwema, lakini baada ya Alhamisi ya pili aliniuliza kwa upole, "Na wa kwetu nani anawatazama usiku?" Mtoto wetu wa mwisho alikuwa na kikohozi. Sikuwa na jibu la kiroho. Wiki ile nilibaki nyumbani, na nilipobaki nilisikia aibu pande zote mbili.

Nimejiuliza pia kama koko nilimfanya dawa ya dhamiri yangu. Ikiwa nilirudi ili ile picha iniache, basi nilirudi kwa ajili yangu. Hajati nilipomweleza alisema Mungu ndiye ajuaye nia, shuka linajua tu kama limefuliwa. Sijui kama hilo linanitosha. Kwa usiku ule lilitosha.

Na liko hili la serikali. Rafiki yangu mmoja ananiambia kwamba kwa kulala pale tunaziba pengo ambalo walipakodi walishalipia, na wakubwa wataendelea kutoajiri manesi. Ana haki, na nadhani kanisa lingepaswa kulisema jambo hilo kwa sauti ileile linayotumia kuombea wagonjwa. Lakini koko hakuwa na miezi ya kungoja bajeti. Yote mawili ni kweli kwangu na siwezi kuyapatanisha.

Lililonitesa zaidi lilikuwa la kitanda cha dirishani. Mwanamke kijana, mara yangu ya tatu kulala pale, aliniambia kwa sauti ya chini, "Na mimi, mama." Nilikuwa na mikono miwili na yote miwili iko kwa koko. Nikasema "ngoja kidogo" nikamsahau mpaka asubuhi. Amekwisha kuruhusiwa kwenda kwao. Bado ninamsikia.

Zamu

Nilipomweleza mchungaji, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema tuipange vizuri, tuandike orodha, tuitangaze Jumapili. Nikatangaza. Baada ya ibada walinijia akina mama wawili wa Katwe, Wakongo, wanaouza vitenge mitaani. Siku zote huketi viti vya nyuma na huondoka mapema.

"Sisi tunalalaka kule tangu zamani," mmoja akaniambia.

Kumbe walikuwa na zamu yao. Mtu wa kwao akilazwa popote Kampala, au hata asiye wa kwao ila hana mtu, habari inapita kwa simu, na usiku ule kuna anayekwenda na mkeka. Wamefanya hivyo miaka, biashara ya kutembeza mchana, wodi usiku. Ya koko hawakuipata kwa sababu mjukuu hakumjua mtu wa kumpigia.

Nikawauliza mbona hawakutuambia kanisani.

Wakatazamana. "Hamukuuliza."

Mimi niliyekuwa tayari nimeshaipa huduma hii jina, nimeshafikiria na fulana zake, nilinyamaza. Tukawaomba watuingize katika zamu yao, siyo wao katika yetu. Wakakubali: wao wawili, mimi, mzee mmoja wa kanisa na mkewe kwa chakula cha mchana, na binti mmoja wa kwaya wa miaka kumi na tisa ambaye sijawahi kumsikia akiomba kwa sauti. Ndio sisi. Kundi la Jumapili bado linakwenda na sabuni na sukari, na sabuni inahitajika. Picha nimeomba tuache. Wengine hawajafurahi.

Jumanne

Koko alifariki usiku wa Jumanne. Jumanne haikuwa zamu yangu.

Nilipigiwa simu saa kumi na moja alfajiri. Nilipofika Hajati alikuwa ameshamfunga kidevu na kumnyoosha, na binti wa kwaya ameketi kwenye mkeka, magoti ameyakumbatia. Nilitaka kumuuliza mambo mengi, na nilitambua kwamba nusu ya maswali yangu yalikuwa wivu. Nilikuwa nimejipangia, bila kujiambia, kwamba mimi ndiye nitakayekuwapo.

Mjukuu alifika siku iliyofuata kwa basi la Mbarara, kwa nauli iliyochangwa na wale wa vitenge. Kijana mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi. Alitushukuru mmoja mmoja kwa mikono miwili. Alipofika kwa yule binti akaambiwa huyu ndiye aliyekuwa naye. Akachuchumaa mbele yake ili wawe kimo kimoja.

"Alisema nini?"

Binti alifikiri. Niliona anatafuta jambo zuri la kumpa, kisha akaacha kutafuta.

"Aliomba chai," akasema. "Ilikuwa ya moto sana, nikampulizia."

"Akakunywa?"

"Alikunywa. Nusu kikombe."